Alichokiona Steve Jobs, na alichokiacha mezani

Wengi tunaijua hadithi hii nusu nusu. Inasimuliwa hivi: Desemba 1979 kijana wa miaka 24 aitwaye Steve Jobs aliingia kwenye maabara ya kampuni ya Xerox kule Palo Alto, California. Akaona madirisha na kipanya, akatoka mbio kwenda kutengeneza kompyuta za kwake. Xerox wakabaki wameshika tama. Hadithi tamu, na kwa sehemu kubwa ni ya kweli. Lakini nusu ya pili haisimuliwi sana, na ndiyo inayotuhusu sisi tunaoshinda mbele ya skrini.

Turudi nyuma kidogo. Maabara ile, iitwayo PARC, ilifunguliwa mwaka 1970. Humo alikuwamo Alan Kay, mtu aliyekuwa na wazo lililoonekana la kichaa: kompyuta ya kubeba kama daftari, tena ya mtoto. Aliipa jina la Dynabook na kuiandikia makala mwaka 1972, wakati kompyuta nyingi zilikuwa madude ya kuwekwa kwenye chumba maalumu na kutazamwa kwa heshima. Kwa Kay, kumpa mtoto kompyuta ya kutumia tu hakukutosha. Anayejua kusoma lakini hajui kuandika, elimu yake ni nusu. Kwa hiyo mashine yenyewe iwe kitu ambacho mtoto anaweza kukifungua na kukibadili.

Hapo ndipo ilipozaliwa lugha ya Smalltalk. Toleo la kwanza liliundwa na Dan Ingalls mwaka 1972. Mwaka uliofuata akaja Adele Goldberg, ambaye alifanya kazi na watoto wa shule za pale Palo Alto, na binti mmoja wa miaka 12 akaandika programu yake mwenyewe ya kuchorea. Yalifuata matoleo ya 1976 na 1980.

Sasa, Smalltalk ilikuwa na nini cha ajabu? Ndani yake kila kitu, iwe namba, herufi, dirisha au menyu, ni kitu kinachojitegemea. Unakitumia ujumbe, nacho kinajibu kwa namna yake. Hili ndilo darasani huitwa uandishi wa programu kwa vitu. Lakini uhondo wenyewe ulikuwa kwenye zana.

Kwa kawaida mwandishi wa programu huandika, husubiri mashine itafsiri, huiendesha, inakwama, anaanza upya. Kwenye Smalltalk programu haizimwi ili itengenezwe. Unachagua kitu chochote, inspekta anakufungulia tumbo lake uone kilichomo, na unaweza kukibadili hapo hapo. Kuna brauza, iliyobuniwa na Larry Tesler (ndiye huyo huyo wa kukata na kubandika), ya kukuwezesha kusoma maelekezo ya mfumo wenyewe, hata yale yanayochora dirisha ulilonalo mbele yako. Kosa likitokea, dibaga inafunguka palepale programu ilipokwama. Unarekebisha, unaiambia iendelee, nayo inaendelea. Ni kama fundi anayebadilisha tairi huku gari linatembea. Jioni unahifadhi ulimwengu wote kama ulivyo, na kesho unaukuta pale pale ulipouacha.

Turudi sasa kwenye ile siku ya Jobs. Goldberg alipinga vikali siri zile kuonyeshwa wageni, mpaka wakubwa wakamwamuru. Xerox walikuwa wamepata nafasi ya kununua hisa 100,000 za Apple kwa takriban dola milioni moja, kwa hiyo milango ikafunguliwa. Katikati ya maonyesho Jobs akalalamika kwamba maandishi yanapanda kwa kurukaruka mstari kwa mstari, akataka yateleze. Ingalls akafungua maelekezo husika, akayabadili, na chini ya dakika moja maandishi yakateleza. Hakuzima chochote.

Yaani muujiza ulifanyika mbele ya macho yake! Lakini alikuja kukiri mwenyewe katika mahojiano ya mwaka 1995 kwamba siku ile alionyeshwa vitu vitatu, na akapofushwa na cha kwanza, yaani madirisha, kiasi kwamba hakuviona vingine viwili: kompyuta zilizounganishwa kwa mtandao, na hii programu ya vitu.

Matokeo yake tunayaishi. Macintosh ya 1984 ilikuja na madirisha mazuri, lakini boneti imefungwa: kulifungua boksi lake kulihitaji bisibisi maalumu, na wengi walioiandikia programu mwanzoni walilazimika kutumia mashine nyingine, Lisa. Mtumiaji akawa msomaji, mwandishi akawa mtu mwingine wa mbali.

Tusimbebeshe Jobs mzigo wote, jamani. Smalltalk ilitaka kumbukumbu na kasi ambazo mashine za bei nafuu hazikuwa nazo. Kila mtu alikuwa na ulimwengu wake, na kuunganisha kazi za watu wawili kulikuwa na kazi kweli. Na mwenye uhuru wa kubadili kila kitu ana uhuru pia wa kukata tawi alilokalia.

Hata hivyo mbegu haikufa. Mwaka 1996 Kay na Ingalls, safari hii wakiwa ndani ya Apple kwenyewe, walitoa Squeak, Smalltalk ya bure. Juu yake ikajengwa Etoys ya watoto, na matoleo ya mwanzo ya Scratch, iliyotolewa kwa umma mwaka 2007, yaliandikwa kwa Squeak. Etoys iliwekwa pia kwenye laptopu ndogo za XO, ambazo zaidi ya 200,000 zilifika shule za Rwanda. Wazo la 1972 likabisha hodi Kigali.

Lakini laptopu peke yake haimfanyi mtoto kuwa mwandishi. Kule Palo Alto pembeni ya mtoto alikaa mtu kama Goldberg, na huyo hauzwi dukani pamoja na mashine.

Simu iliyo mfukoni mwako ina nguvu ambazo PARC hawakuziota. Ibonyeze popote, iulize imetengenezwaje, uone kama itakujibu. Tunajivunia kwamba vijana wetu "wanajua kompyuta", kumbe tunamaanisha wanajua kubofya. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo: taifa zima linaweza kujua kusoma mashine bila hata mmoja kuiandika.

Squeak ipo mpaka leo, na mdogo wake Pharo, aliyetokana nayo mwaka 2008. Zote ni za bure. Ipakue moja wikiendi hii, fungua tumbo la dirisha lolote, badili kitu. Ukiharibu, tengeneza. Halafu njoo unisimulie.