Ploti Moja, Milango Mingi

Mwaka 2001 Mfaransa mmoja, Michel Valdrighi, alitoa programu ya blogu iliyoitwa b2. Ilikuwa ya bure, na yeyote angeweza kuifungua na kuibadilisha. Shida ni kwamba ilitengenezwa kwa tovuti moja. Ukitaka tovuti kumi, unaiweka mara kumi, na siku ya kusasisha unazizunguka zote kama msoma mita.

Donncha Ó Caoimh wa Ireland akatoa tawi lake, b2++, ambalo lingebeba blogu za watu wengi kwa pamoja. Wengi wetu tunawajua Matt Mullenweg na Mike Little, walioanzisha WordPress kutoka b2 hiyo hiyo mwaka 2003. Huyu wa Ireland ni nadra kutajwa, na kwangu hiyo si haki. Kazi yake ndiyo ikaja kuitwa WordPress MU, ikabeba WordPress.com kuanzia 2005. Juni 2010, toleo la 3.0 likaunganisha MU na WordPress ya kawaida.

Sasa fikiria ploti. Hifadhidata ni moja, lakini kila mpangaji ana majedwali yake yenye namba: wp_2_posts, wp_3_posts. Plagini zinakaa mahali pamoja. Unawasha unayotaka, mradi mwenye ploti, yaani msimamizi mkuu, amekubali. Jedwali la watumiaji, wp_users, ni la wote, kama mfereji wa uani. Plagini moja ikiharibika, ploti nzima inaweza kuingia giza.

Mimi hulipa kodi ya nyumba kwa mfumo huu. Nina wateja wanne, kanisa likiwemo, wote kwa WordPress moja. Hakuna anayeuliza anaishi na nani, mpaka siku ya kuhama.

Mwaka jana mama mwenye saluni alitaka kuhamia seva yake. Makala yalitoka haraka. Picha pia, kwa sababu kila tovuti ina folda yake. Watumiaji ndio walituweka hadi usiku: wateja wake walikuwa jedwali moja na waumini wa kanisa, na ilibidi nichambue nani ni wa nani, huku mama akinipigia simu.

“Si ni tovuti yangu, kijana?”

Ni yake. Ilikuwa namba 4. Mpangaji aliyefuata alipewa 6, 4 haikurudi.