Picha za Magofu ya Kilwa

Wengi hupiga picha za magofu kwa kuvutiwa na uzuri wake. Kwetu sisi tunaofundisha Kiswahili, picha hizo ni kumbukumbu ya historia. Chukua mfano wa Kilwa Kisiwani, pwani ya kusini mwa Tanzania. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331. Kasri la Husuni Kubwa lilijengwa ukingoni mwa mwamba juu ya bahari, na mawimbi na mvua vimekuwa vikiumega ukingo huo. UNESCO iliyatambua magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kuwa urithi wa dunia mwaka 1981, ikayaingiza katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuyaondoa humo mwaka 2014 baada ya ukarabati.

Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimbua Kilwa katika miaka ya 1960. Picha zilizomo katika kitabu chake cha mwaka 1974 zinatuwezesha kulinganisha ukuta uliokuwapo na uliopo.

Hata hivyo, picha isiyo na maelezo ni bubu. Mpigaji hana budi kuandika tarehe, mahali aliposimama na upande alioelekea. Aidha, avitaje vitu kwa majina yake: mihrabu, kuba, boriti, matumbawe, na kidaka, yaani kishimo cha ukutani cha kuwekea vitu. Msamiati huu nao hupotea nyumba zake zinapobomoka. Tunawahimiza wanafunzi wetu watakaozuru pwani warudi na picha pamoja na maneno yake.