Kupoza Moshi: Ufundi wa Kiko na Safari ya Karne Nyingi

Kiko cha pwani ya Afrika Mashariki, kile kilichovutwa kabla sigara haijajaa madukani, kilikuwa na sehemu nne. Juu lilikaa bori, kikombe kidogo cha udongo wa kuchoma kilichopokea tumbaku na kaa la moto. Bori lilisimama juu ya digali, mrija ulioshusha moshi hadi kwenye kiko chenyewe, yaani kibuyu au kifuu cha nazi kilichotiwa maji. Humo moshi ulibubujika, ndiyo malio ya kiko, kisha ukapanda kwenye shilamu hadi mdomoni mwa mvutaji. Sehemu zote nne zilitumikia shabaha moja: moshi uliotoka motoni ukiwa mkali ufike ulimini umepoa.

Shabaha hiyo haikuwa ya pwani peke yake. Popote watu walipovuta tumbaku kwa kiko walikumbana na adui yuleyule, ulimi kuungua, na kila taifa likamtafutia dawa yake: maji, mrija mrefu, jiwe lenye vinyweleo, mzizi usioshika moto. Ukizipanga dawa hizo kwa mfuatano wa miaka unapata historia nzima ya chombo hiki. Unapata pia swali ambalo mafundi wa kiko hawakujiuliza: moshi ukishapoa, unakwenda wapi?

Maji

Tumbaku ni mmea wa Amerika, na nje ya bara hilo haikujulikana kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Hata hivyo, kuvuta moshi kupitia maji huenda kuliitangulia tumbaku barani Afrika. Mwaka 1975 Nikolaas van der Merwe alichapisha uchunguzi wa mabori ya udongo yaliyofukuliwa katika pango la Lalibela, Ethiopia, ambayo umri wake ulikadiriwa kuwa wa karne ya 14. Ndani yake alikuta mabaki ya bangi. Wapo wataalamu wanaoutilia shaka umri huo, lakini ikiwa makadirio ni sahihi, basi tumbaku ilipofika Afrika ilikuta chombo kinaisubiri.

Kwa upande wa ulimi, maji hufanya kazi kweli. Hupunguza joto la moshi kwa kiasi kikubwa na kunasa majivu. Ndiyo maana Uhindi na Uajemi nako walitumia kifuu cha nazi kwa namna ileile, mpaka wenye uwezo wakabadilisha kifuu kwa kioo na shaba. Kasoro yake ni uzito na utunzaji: maji humwagika, hunuka yasipobadilishwa, na mtu hawezi kukitia chombo hicho mfukoni. Kiko cha maji ni cha barazani.

Udongo

Uingereza ilianza kutengeneza viko vya udongo mweupe katika miongo ya mwisho ya karne ya 16. Mabori ya mwanzo yalikuwa madogo sana kwa sababu tumbaku ilikuwa ghali. Mfalme James wa Kwanza aliichukia, akaandika kijitabu cha kuishambulia mwaka 1604, lakini mwaka 1619 yeye huyohuyo aliwapa watengenezaji viko wa Westminster hati ya kuunda chama chao. Uholanzi nayo ilikuwa na mji wa Gouda, ambako chama cha mafundi wa viko kiliundwa mwaka 1660.

Kadiri bei ya tumbaku ilivyoshuka, bori lilikua. Bori kubwa hubeba moto mwingi, na udongo hupitisha joto upesi, hivyo mafundi wakarefusha mrija ili moshi upoe njiani. Mrija mrefu ulihitaji tundu jembamba zaidi, la sivyo sindano ya kutobolea ingetokeza ubavuni. Badiliko hilo dogo limewafaa sana wanaakiolojia. Mwaka 1954 J. C. Harrington alionyesha kwamba matundu ya viko vya Kiingereza yalipungua hatua kwa hatua, kutoka karibu milimita 3.6 mwanzoni mwa karne ya 17 hadi karibu milimita 1.6 kufikia mwaka 1800. Tangu hapo kipande cha mrija kilichovunjika kinaweza kutumika kukadiria umri wa makazi ya kale. Jitihada za watu kuulinda ulimi zimeacha kalenda ardhini.

Udongo ulikuwa na sifa nyingine: hunyonya unyevu wa moshi. Kiko kilipochafuka kilirudishwa motoni, masizi yakaungua, kikawa cheupe tena. Tatizo lilikuwa kuvunjika. Kiko cha udongo kilinunuliwa kwa bei ndogo na hakikutarajiwa kudumu.

Jiwe

Eskişehir, nchini Uturuki, huchimbwa madini meupe mepesi ya sepiolaiti, ambayo wafanyabiashara huyaita kwa jina la Kijerumani, meerschaum. Yana vinyweleo vingi kiasi kwamba jiwe kavu huweza kuelea majini. Vinyweleo hivyo hunyonya unyevu na kuzuia joto, na moshi hutoka mkavu na laini. Mafundi wa Vienna waliyachonga kwa ustadi mkubwa katika karne ya 19, wakayachovya katika nta ya nyuki ili kiko kigeuke taratibu kutoka weupe kuwa rangi ya asali kadiri kilivyovutwa.

Afrika Mashariki ina sura yake katika kisa hiki, nayo husahaulika. Bonde la Amboseli, mpakani mwa Kenya na Tanzania, lina sepiolaiti yake. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ilikuwa Arusha ikitengeneza viko vya jiwe hilo na kuviuza ng'ambo kwa majina kama Kiko na Kilimanjaro, vile vya Kiko vikiwa na nembo ya tembo. Jiwe la Amboseli ni zito kuliko la Uturuki na weupe wake hauko safi, kwa hiyo mara nyingi lilitumika kama bitana ndani ya bori la mti. Wakusanyaji wa viko vya kale Ulaya na Marekani bado wanavitafuta. Sijui ni makumbusho mangapi ya kwetu yanavitambua yakiviona.

Mzizi

Katikati ya karne ya 19 mji wa Saint-Claude, katika milima ya Jura nchini Ufaransa, uligundua thamani ya briari, kifundo kinachoota kwenye mizizi ya mmea wa Erica arborea wa nchi za Mediterania. Kifundo hicho huchemshwa kwa saa nyingi kuondoa utomvu, kisha hukaushwa kwa miezi au miaka. Hakishiki moto kirahisi, hakivunjiki kama udongo, na mtu hukishika mkononi bila kuungua. Maskini wa Marekani walipata mbadala wa bei nafuu kuliko wote: huko Washington, Missouri, Henry Tibbe alianza mwaka 1869 kuuza viko vya gunzi la mahindi.

Mafundi hawakuridhika na mti peke yake. Charles Peterson wa Dublin alipata hataza mwaka 1890 kwa kiko chenye kijishimo chini ya tundu la moshi, ambamo unyevu hutuama usifike mdomoni. Baadaye aliongeza mdomo wa kiko unaoelekeza moshi juu, kwenye kaakaa, ili ulimi usipigwe moja kwa moja.

Mkono

Lakini waliovuta kwa miaka mingi walijua kwamba chombo kizuri hakimwokoi mwenye pupa. Kinachounguza ulimi hasa ni mvuke. Tumbaku ina unyevu, na mtu akivuta kwa nguvu hewa huchochea kaa, joto hupanda, unyevu hugeuka mvuke na kubeba joto hilo hadi ulimini.

Kwa hiyo ufundi ukawa wa mkono. Tumbaku huachwa ikauke kidogo mpaka isigandamane ikifinywa. Hujazwa kwa mafungu matatu, na msemo wa wazee wa Ulaya ni kwamba fungu la kwanza hushindiliwa kwa mkono wa mtoto, la pili kwa mkono wa mwanamke, la tatu kwa mkono wa mwanamume. Moto wa kwanza ni wa kubabua juu tu. Majani huinuka, hulazwa tena, ndipo kiko huwashwa rasmi. Kuanzia hapo mvutaji huvuta kama anayeonja uji wa moto, kidogo kidogo, na kiko kikizima hukiwasha upya bila haraka. Mgando wa masizi ndani ya bori la briari huachwa ufike unene wa milimita moja hivi, ukizidi hukwanguliwa kwa sababu unaweza kulipasua bori. Kiko kilichovutwa leo hupumzishwa kesho.

Vyama vya wavuta kiko vimeugeuza utulivu huo kuwa mashindano. Kila mshindani hupewa gramu 3 za tumbaku na njiti mbili za kibiriti, na anayekaa na moto muda mrefu zaidi ndiye mshindi. Mabingwa wamepita saa 3.

Jani

Badiliko kubwa kuliko yote, hata hivyo, lilitokea banini, kwenye banda la kukaushia tumbaku. Simulizi inayokubalika sana ni kwamba mwaka 1839 Stephen, mtumwa katika shamba la Slade huko Caswell, North Carolina, aliona moto wa kukaushia tumbaku unazima, akautia mkaa, na joto kali likayageuza majani kuwa ya njano angavu. Hiyo ni mama wa ile ambayo wakulima wa Tabora na Urambo huiita tumbaku ya mvuke, tofauti na tumbaku ya moshi ya Songea na tumbaku ya hewa.

Tofauti yake ni ya kikemia. Moshi wa tumbaku ya hewa una ualkali: hukwaruza koo, na nikotini yake hufyonzwa mdomoni, hivyo mvuta kiko hana haja ya kuumeza. Jani la mvuke lina sukari nyingi na moshi wake huelekea kwenye asidi. Ni laini kooni, lakini nikotini haifyonzwi vizuri mpaka ishuke mapafuni. James Bonsack alipopata hataza ya mashine ya kusokota sigara mwaka 1881, ulaini huo ukapata kiwanda, na kiko kikaanza kuachwa. Sigara haikuhitaji mkono wa fundi wala subira.

Mvuta kiko naye hakuwa salama. Tangu mwaka 1795 tabibu Mjerumani Samuel Thomas Sömmerring alikuwa ameona saratani ya midomo kwa wavuta kiko. Lakini ukali wa moshi ulikuwa kizuizi: uliuacha mdomoni na kumlazimisha mtu avute polepole. Kizuizi hicho kilipoondolewa, saratani ya mapafu, iliyokuwa ugonjwa adimu katika karne ya 19, ikawa miongoni mwa magonjwa yanayoua watu wengi zaidi duniani.

Kiko cha maji kimerudi mijini kwetu kwa jina la shisha, na tumbaku iliyotiwa asali na matunda. Kenya na Rwanda ziliipiga marufuku Desemba 2017. Vijana wengi huitetea kwa kusema maji huchuja sumu, ilhali Shirika la Afya Duniani limeeleza mara nyingi kwamba hayachuji. Moshi hutoka na nikotini, lami na monoksidi ya kaboni ya makaa. Fundi wa kale aliyetia maji katika kifuu hakudai kinga yoyote. Alitaka ulimi usiungue, na hilo alilipata. Maarifa yake yanastahili kuhifadhiwa katika makumbusho yetu, pamoja na bori, digali na shilamu, mradi maelezo ya ukutani yaseme pia kwamba kilichopozwa kilikuwa joto tu.