Gesi ya kuni

Gesi ya kuni ni hewa iwakayo, ipatikanayo kwa kuunguza kuni au mkaa katika tanuri lililofungwa, ambamo hewa huingizwa kwa kadiri haba, hata mti usiteketee kabisa bali ugeuke kuwa kaboni monoksidi na haidrojeni, zilizochanganyika na naitrojeni, ambayo ni karibu nusu ya ujazo wote. Ikisafishwa na kupozwa, huendesha injini izungushayo jenereta. Na joto la injini, ambalo lingepotea bure, hukausha mazao au huchemsha maji, na hapo ndipo ilipo faida halisi ya mtambo mdogo. Adui wake ni lami, izibayo vali za injini hasa kuni zikiwa mbichi. Kwa hiyo yapasa zikaushwe mpaka unyevu usizidi takriban asilimia 20. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, petroli ilipoadimika, magari mengi ya Ulaya yaliendeshwa kwa tanuri lililobuniwa na mvumbuzi Georges Imbert.

Lakini si kila mahali gesi hiyo hunaswa. Lubumbashi, mji wa Kongo ulioasisiwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, uko katika eneo lenye umeme wa maporomoko tangu kituo cha umeme cha Mwadingusha kilipojengwa juu ya mto Lufira mwaka 1930; hata hivyo nyumba nyingi zingali zikipika kwa makala, ndilo jina la mkaa huko, yachomwayo katika misitu ya miyombo chini ya vifusi vya udongo. Ni jambo la kusikitisha mno kwamba katika vifusi hivyo zaidi ya nusu ya nguvu za mti hupotea, na sehemu kubwa yake ni moshi na gesi iwakayo, iendayo angani pasipo kumpashia mtu hata birika.