Fidla Nne na Nyimbo za Mashambani

Wasikilizaji wetu bila shaka wamepata kusikia, katika redio au santuri, fidla nne zikipigwa pamoja: mbili ndogo, ya tatu imezidi kidogo, na ya nne ni kubwa hata mpigaji huishika kati ya magoti. Muziki huu ulistawi katika nyumba za wakuu wa Ulaya, na wengi hudhani ya kuwa mkulima hana sehemu ndani yake. Leo twataka kueleza habari za Béla Bartók wa Hungaria, aliyezaliwa mwaka wa 1881.

Siku zile waungwana wa mjini waliamini kuwa muziki wa asili wa nchi yao ni ule wa bendi za Wagipsi. Mwaka wa 1904 Bartók alimsikia mtumishi wa nyumbani, binti wa Transylvania, akiimba, akatambua kuwa wimbo ule ni wa namna nyingine kabisa. Ndipo yeye na rafiki yake Zoltán Kodály wakashika njia ya vijijini, wakichukua mashine iliyonasa sauti katika nta.

Kazi ile ilitaka saburi. Mwaka wa 1907 Bartók alimsihi mama mmoja amwimbie wimbo wa kale. Mama akasema amesahau, kisha akaimba wa kanisani. Nasi hatumlaumu, kwani mzee hamfungulii sanduku lake mgeni wa siku moja.

Akaendelea hata kwa Waslovaki na Waromania, na mwaka wa 1913 akafika Biskra, katika Algeria, kusikiliza nyimbo na ngoma za Waarabu. Utungo wake wa pili wa fidla nne, wa miaka ya 1915 hata 1917, waonyesha safari ile: katika sehemu ya kati sauti moja hurudiwa kwa nguvu na upesi, hata fidla yafanya kazi ya ngoma. Na katika ule wa nne, wa mwaka wa 1928, uzi huvutwa kwa kidole mpaka ukapiga ubao. Aghalabu hakunakili wimbo wa mtu. Alijifunza kunena kwa lugha yake, nasi twaona hiyo ndiyo heshima iliyo kubwa zaidi.

Lakini si wote walioona hivyo. Baada ya vita vya 1914 hata 1918, Transylvania ilitwaliwa na Romania. Bartók alipochapisha mwaka wa 1920 maandiko juu ya nyimbo za Waromania, Wahungaria wengine walimshambulia magazetini kana kwamba amelihaini taifa. Hata hivyo mwaka wa 1923 akatoa kitabu kingine cha nyimbo za watu wale wale.

Utungo wa sita, ndio wa mwisho, aliumaliza mwaka wa 1939. Mwaka uliofuata akahamia Marekani, na huko New York akaketi kuandika, kutoka katika santuri, nyimbo za wanavijiji wa Yugoslavia. Alifariki tarehe 26 Septemba, 1945.