Onyo la uongo baada ya Windows kusasishwa: hakiki kwanza, usikimbilie kufuta

Ofisi ndogo ya uwakala wa forodha au usafirishaji huko Walukuba, mjini Jinja, inaweza kuwa na kompyuta moja tu. Humo ndimo zimo ankara, orodha za mizigo, na maneno ya siri ya benki na ya ASYCUDA, mfumo wa forodha unaotumiwa na Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA. Usiku Windows inajisasisha. Asubuhi programu ya kuzuia ujasusi inatoa onyo jekundu kwamba kompyuta ina mwizi wa maneno ya siri. Lori liko njiani kwenda Malaba, na karani ananyoosha mkono abonyeze kitufe cha kufuta.

Asibonyeze kwanza. Onyo hilo huenda ni la kweli, huenda ni la uongo, na kila kosa lina gharama yake.

Chanzo cha onyo la uongo

Programu hizi hufanya kazi kwa kulinganisha. Zina orodha ya alama za programu mbaya, na hupekua faili moja baada ya nyingine kutafuta zinazofanana nazo. Windows inaposasishwa, faili nyingi hubadilishwa kwa mpigo. Faili mpya ya halali inaweza kufanana na alama fulani, au ikashukiwa kwa sababu tu ni ngeni. Wakati mwingine Windows haina kosa lolote, bali orodha ya alama ndiyo iliyosasishwa vibaya.

Hata kampuni kubwa zimewahi kukosea:

- Februari 2006, programu ya majaribio ya Microsoft ya kuzuia ujasusi iliitambua programu ya usalama ya Symantec kuwa mwizi wa maneno ya siri.
- Mei 2007, Symantec nayo ilizidhania faili mbili za Windows XP ya Kichina kuwa programu mbaya. Faili hizo zilikuwa zimebadilishwa na sasisho la Microsoft. Kompyuta zilizoziondoa zilishindwa kuwaka.
- Aprili 21, 2010, McAfee iliishambulia faili ya svchost.exe ya Windows XP. Kompyuta zilijizima na kujiwasha mfululizo.
- Septemba 2022, Microsoft Defender ilitoa onyo la Hive.ZY dhidi ya programu halali, ikiwemo Google Chrome, hadi orodha yake iliporekebishwa.

Gharama za makosa mawili

Ukifuta faili halali ya Windows, kompyuta inaweza kugoma. Tamko la forodha halitumwi, lori linasubiri mpakani, na posho ya dereva na ada za maegesho zinaendelea kuhesabiwa. Lakini ukipuuza onyo la kweli, mwizi anaweza kuingia benki au kutuma matamko kwa jina lako. Hasara hiyo inaweza kuwa kubwa zaidi. Kuhakiki ni nafuu kuliko yote mawili.

Hatua za kufuata

1. Usifute. Andika jina la onyo, jina la faili, mahali ilipo na saa.
2. Ikiwa faili imo ndani ya folda ya Windows, usiiguse wala usizime kompyuta kabla ya kuhakiki. Ikiwa ni faili nyingine, iweke karantini, ambako inafungiwa lakini inaweza kurudishwa.
3. Usiandike neno la siri lolote kwenye kompyuta hiyo. Kazi ya URA na ya benki ifanyie kwenye kompyuta nyingine unayoiamini.
4. Sasisha orodha ya programu ya usalama, kisha pekua tena. Onyo la uongo mara nyingi huondoka hapo.
5. Tafuta maoni ya pili. Huduma ya VirusTotal, iliyoanza mwaka 2004, hupima faili kwa makumi ya programu za usalama. Zikilalamika moja au mbili tu, shuku onyo; zikilalamika nyingi, shuku faili. Usipakie huko ankara wala nyaraka za wateja, kwa kuwa faili zinazopakiwa huonwa na kampuni nyingine.
6. Hatari ikithibitika, badilisha maneno yote ya siri ukitumia kompyuta salama, na uarifu benki na URA.

Jihadhari pia na maonyo ya kitapeli yanayojitokeza ukiwa kwenye intaneti na kudai ulipe ndipo kompyuta isafishwe. Desemba 2008 Tume ya Biashara ya Marekani ilishtaki kundi lililodaiwa kuwauzia zaidi ya watu milioni moja programu za namna hiyo. Programu uliyojiwekea mwenyewe haiombi pesa kwa vitisho.

Kinga

Usiruhusu sasisho usiku wa kuamkia siku ya kutuma tamko. Weka nakala za nyaraka kwenye flashi isiyobaki imechomekwa. Tumia programu moja ya ulinzi wa muda wote, kwa sababu mbili zinaweza kushukiana. Wala usiache kusasisha kwa kuogopa maonyo: Windows XP iliacha kupata marekebisho ya kawaida mwaka 2014, Windows 7 mwaka 2020, na Windows 10 Oktoba 14, 2025. Anayebaki nyuma huwaachia wezi mlango wazi.