Masuria wa Unguja na haki ya kuondoka

Vitabu vya historia hutaja mwaka 1873, Sultani Barghash alipofunga soko la watumwa la Mkunazini, na mwaka 1897, Sultani Hamoud alipofuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Mwaka 1909 hutajwa mara chache, nao ndio unaowahusu wanawake. Amri ya 1897 ilimruhusu mtumwa kwenda mahakamani kudai uhuru, mradi aonyeshe atakaa wapi na atakula nini. Masuria, yaani watumwa wa kike waliowekwa kinyumba na mabwana zao, iliwaacha palepale. Suria alipaswa kuthibitisha kwamba anateswa ndipo aachiliwe. Asiyezaa aliweza kukombolewa, lakini kwa idhini ya mahakama. Mchuma karafuu hakuulizwa kama bwana wake ni mkatili. Mwanamke wa ndani ndiye aliyetakiwa kuleta ushahidi wa mambo yaliyotendeka faraghani, ambako waliomwona akiteseka walikuwa wakila kwa bwana yuleyule. Sharti hilo lilidumu miaka 12, hadi 1909.

Waliotetea ubaguzi huo walikuwa na hoja, wala si nyepesi. Kwa sheria ya Kiislamu, suria aliyemzalia bwana wake hauzwi, mwanawe huzaliwa huru na kurithi, naye mwenyewe huwa huru bwana akifa. Barghash mwenyewe alizaliwa na suria. Lakini tazama haki hizo zimetoka wapi: kwenye uzazi wake na kwenye kifo cha bwana. Hakuna hata moja iliyomwezesha kuondoka kwa sababu tu hataki kukaa.

Nikimlinganisha suria huyo na mtumishi wa ndani wa leo, itasemwa kwamba msichana anayekwenda kufanya kazi za ndani Muscat, Oman, hakununuliwa: amesaini mkataba na analipwa mshahara. Ni kweli, na wengi hurudi salama. Hata hivyo hiari ya kwenda si hiari ya kutoka. Chini ya kafala, mfumo wa udhamini wa wafanyakazi wa kigeni, kibali chake cha kukaa kimefungwa kwa mwajiri, na sheria ya kazi ya Oman ya 2003 iliwaweka kando watumishi wa nyumbani, kana kwamba nyumba si mahali pa kazi. Pasipoti ikishikwa, hana pa kwenda. Protokali ya Palermo ya mwaka 2000 dhidi ya biashara ya binadamu inasema ridhaa iliyopatikana kwa hadaa au vitisho haihesabiki, na ya mtoto haihesabiki kabisa. Tanzania ilitunga sheria yake dhidi ya biashara hiyo mwaka 2008, Kenya 2010.

Serikali zetu zinapotia saini makubaliano ya ajira na nchi za Ghuba, zidai hili kwanza: pasipoti ikae mkononi mwa mwenyewe, naye aweze kuacha kazi bila kutakiwa kuthibitisha kwamba ameteswa.